Tumbo la Wadiha

"Mavi ya farasi wa mkokoteni? Ndani ya Wadiha wangu?" Haji Mutawalli alinitolea macho, mkono shingoni mwa farasi wake. "Daktari Nashwa, huyu nawajua mama zake hadi kizazi cha saba!"

"Na sasa anaharisha damu, Haji. Dawa ulizomdunga bila kuniuliza zimeua vijidudu vizuri vyote tumboni. Lazima tumpe vya farasi mwenye afya."

"Basi tutafute farasi wa ukoo."

"Tumbo halijui ukoo!"

Nikatoka na ndoo. Umm Ratiba, muuza matikiti, alikuwa njiani na farasi wake wa mkokoteni, jike lenye kwato pana ambalo halijaugua hata siku moja. Nikakinga mavi yakiwa bado ya moto, nikayakoroga kwa maji ya uvuguvugu, nikayachuja, nikarudi na mpira wa kupitisha puani hadi tumboni.

Haji akaziba mlango wa zizi. "Hupiti hapa, binti."

"Basi kamchimbie kaburi."

Akanipisha.

Wadiha alipona. Haji akanisihi nisimwambie mtu, nami nikanyamaza.

Siku ya maulidi, Wadiha alicheza kwa ngoma na zumari huku Haji, kifua mbele, akiwatajia watu majina ya mama zake. Mara akamwona Umm Ratiba pembeni na farasi wake. "We mama, ondoa kinyago chako hapa!"

Nikashika hatamu ya kile kinyago, nikakiingiza katikati ya uwanja.

"Haji," nikapaza sauti, "umesahau kumtaja huyu. Waambie Wadiha anatumia tumbo la nani!"