Vibao Chini ya Barabara

Nyumba ya Urbain pale mtaa wa Greyville, ugenini, haikujua kimya. Jumapili baada ya ibada ilijaa: watu kwenye kochi, watu kitandani, wengine mlangoni na sahani za fufu mkononi. Na Urbain, mtu wa maneno, akawapa habari za kazi yake mpya.

"Maji ndani ya kalavati, lile bomba kubwa la chini ya barabara, yanakimbia sana. Samaki wadogo wanaotoka baharini wanashindwa kupanda mto. Basi mimi na dada Bilha tumefunga vibao sakafuni, kimoja huku, kimoja kule. Maji yanatulia. Samaki anapumzika nyuma ya kibao, kisha anaendelea."

Bilha alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetafiti samaki hao. Injinia wa barabara alimpa wiki tatu tu: wavu uliotegwa mtoni, upande wa juu wa kalavati, usiponasa samaki waliopita, vibao ving'olewe, maana vinazuia takataka.

"Nyuma ya kila kibao iko samaki?" akauliza Marie-Jeanne, jirani wa ghorofa ya pili.

"Kila kibao, Maman! Wamejaa kama sisi humu!"

Watu wakaangua kicheko. Ila kwao Uvira, ukipanga mbao mtoni samaki wasimame, umetega. Hilo la kuendelea hakuna aliyelisikia.

Jumamosi Urbain akaenda kukaza bolti. Vicheko vilimpokea kabla hajashuka ukingoni. Marie-Jeanne na wanakwaya sita walikuwa wameinama ndani ya kalavati, vitenge vimefungwa juu ya magoti, mabeseni yamejaa.

"Papa Urbain! Umetujengea vizuri, Mungu akubariki!"

"Maman, hapana, hao ni wa kupita..."

"Wapite waende wapi? Huko juu iko nini? Shika chandarua huku, usisimame kama robot ya kuongoza magari iliyokatikiwa umeme!"

Hawa ndio waliomlelea binti yake Carmel miezi miwili, mkewe alipolazwa. Angewafukuza kwa mdomo gani? Akashika chandarua.

Jumatatu, wiki tatu zilipotimia, wavu wa juu ulikuwa na kaa mmoja na majani. Injinia akatikisa kichwa. "Eish, pole."

"Kaka Urbain," Bilha akasema, "Jumamosi ulipokuja, uliona nini?"

"Maji, dada. Maji tu."

Bilha akaandika hivyohivyo kwenye daftari lake. Urbain alitamani amuulize tena, hata amgombeze. Bilha akalifunga daftari.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyezifunga bolti, spana akapewa yeye. Akafungua kibao baada ya kibao, akavipitisha nje. Cha mwisho kilipotoka, maji yakanyooka, yakashika mbio. Samaki mmoja, urefu wa kidole, akajirusha mbele, akasukumwa nyuma. Akajirusha tena.

"Bado?" Bilha akaita kutoka barabarani.

Urbain akaweka mguu wake mbele ya yule samaki, maji yapungue kasi kidogo. Akahesabu hatua za kufika upande wa pili. Kumi na nane. Vibao havikuwepo tena, ila mguu alikuwa nao, wa kumtangulizia samaki hatua kwa hatua.

"Bado kidogo, dada," akajibu.