Kiti cha Peres

Waringa alitandaza leso kwenye kiti cha dirishani kabla hajaketi mwenyewe kando yake. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi ya kazi kwa miaka kumi na mmoja. Alipanda treni Kikuyu, behewa la mwisho, akashika viti viwili, na treni ilipofika Satellite rafiki yake Peres alipanda na chupa ya chai. Waringa alifungua mkebe wa nduma. Walikula na kusengenya mpaka mjini, kisha Waringa akaenda kufagia ofisi Mtaa wa Kimathi, Peres kuosha vyombo hotelini River Road.

Sasa ilikuwa wiki ya nne Peres hapandi. Alikuwa amezikwa kwao Webuye. Waringa bado alitandaza leso, na nduma alizimeza kavu.

Asubuhi hiyo behewa lilijaa tangu Dagoretti. Mafuta yalikuwa yamepanda tena, mabasi yakaongeza nauli, na watu wa basi wakahamia reli. Walisimama wamebanana vifua, na macho yao yote yalirudi pale pale penye leso.

"Mathe, hapo kuna mtu?" aliuliza kijana mmoja mwenye begi la vifaa.

"Kuna mwenyewe."

"Ako wapi sasa?"

"Wachana naye," alisema Zedekiah, seremala, abiria wa siku nyingi. "Hiyo kiti iko na mwenyewe."

Kijana akafyonya. Nyuma yake Waringa aliona msichana mwenye mimba kubwa, ameshika chuma kwa mikono miwili, jasho limemtoka puani. Waringa akasimama.

"Kuja ukae hapa, mami."

Msichana alikaa kwenye kiti cha Waringa. Aliitazama leso kando yake, akamtazama Waringa aliyesimama, akashindwa aulize nini.

"Mama Nyokabi," Zedekiah alimwambia Waringa kwa sauti ya chini, "sasa umezidisha. Watu wamechoka."

"Nimechukua ya mtu? Nimempa yangu."

Ndipo mkaguzi alipofika, kijana aliyeitwa Muigai, koti la manjano, mashine ya kadi mkononi. Treni hizi mpya zilikuja na makoti hayo, na kadi, na milango inayojifunga yenyewe, na karatasi ukutani yenye sheria kumi na nne. Ya tisa ilikataza kushikiana viti.

"Nani ameweka nguo hapa?"

"Mimi."

"Na umesimama?"

"Si unaniona."

"Unamshikia nani?"

"Peres."

"Huyo Peres alikufa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Ni abiria hewa huyo!"

Behewa likaangua kicheko. Hata Muigai alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi yake. "Mathe, toa leso."

"Toa wewe."

Muigai hakuitoa. Alinyoosha mkono akachukua kadi ya Waringa. "Tutaongea ofisini."

Treni ikasimama Satellite. Jukwaa la pale ni fupi. Mabehewa ya mbele hulifikia, la mwisho husimama nje yake, na anayetaka kulipanda hupanda kutoka kwenye kokoto, mguu ukiinuliwa hadi kiunoni. Waringa aliyatazama yale mawe. Yalikuwa yamemwagwa mapya, meupe, mahali pamoja tu. Milango ikajifunga.

Ofisi ya stesheni kuu ilinuka rangi mpya. Bwana Haron, msimamizi wa abiria, alikuwa mtu wa upole. Alimpa kiti, akauliza kama amekunywa chai, akafungua daftari la makosa lenye jalada la kijani.

"Mama, wewe si mgeni hapa. Tarehe tano mwezi wa pili. Soma."

Waringa hakuhitaji kusoma, lakini alisoma. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, wa kulala kidogo: *Naomba msamaha kwa kuzuia mlango wa treni kwa kiondo changu. Sitarudia.*

"Uliandika vizuri sana," alisema Haron. "Leo andika kama hiyo tu. Ukimaliza nakurudishia kadi, unaenda job. Dakika mbili. Ukikataa, kadi inafungwa, na hiyo si mimi, ni mtambo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika ishirini. Saa moja na nusu ndoo zake za kazini zilipaswa kuwa na maji. Bila kadi hakuna treni, na kwa basi, nusu ya mshahara ingeishia barabarani. Aliyajua hayo yote. Aliichukua kalamu.

"Na ya Peres iko wapi?"

"Ya nani?"

"Peres Nasimiyu. Alianguka Satellite, tarehe kumi na tisa mwezi huo huo."

Haron alifunua kurasa, akapata, akasoma kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Abiria alijaribu kupanda treni ikiondoka. Uzembe wa abiria. Faili imefungwa."

"Haikuwa imeondoka."

"Mama..."

"Alikuwa na nyonga mbaya. Treni ya zamani ilikuwa inamngoja, gadi alimjua. Hii yenu haingoji. Kwa hivyo nilikuwa naweka kiondo mlangoni mpaka apande. Ndiyo hiyo mlinishikia, nikaandika hapa." Aliweka kidole kwenye mwandiko wake. "Wiki mbili baadaye Peres ameshika chuma, ameinua mguu mmoja, mlango ukaanza kufunga. Kiondo nilikuwa nacho mkononi. Akaniangalia. Nikakumbuka nimeandika sitarudia. Nikakishikilia hapa, tumboni. Mlango ukamsukuma."

Muigai, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliitazama mashine yake ingawa haikuwa na kitu.

Haron alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pole sana, mama. Kweli, pole. Lakini hiyo ni kesi ingine, na imefungwa. Hii ya leo ni ya kiti." Akalisukuma daftari mbele ya Waringa, ukurasa mtupu ukiwa wazi, taratibu. "Andika samahani ya kiti."

Waringa alifunga kofia ya kalamu. Akailaza juu ya ukurasa. Akaikunja mara mbili leso aliyoshuka nayo, akaitia ndani ya kiondo, juu ya nduma ambazo hakuwa amezimaliza, akasimama.

"Hiyo ahadi ya kwanza niliitimiza," alisema. "Funga kadi yako. Siombi msamaha."