Gari la Mtu Mmoja

Dada Funguo alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Alichoka hadi kutabasamu kulimuumiza mashavu. Kazi yake ilikuwa kuuza magari, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu funguo zote za dukani zilining'inia kiunoni mwake, zikilia kila apigapo hatua. Magari mengine yalikuwa yakitoka. Lililomtoa jasho ni moja tu, dogo, jekundu, la milango miwili.

Ng'ambo ya mpaka, gari hilohilo lilikuwa likigombewa. Hapa je? Loo! Lilikaa nyuma ya kioo mpaka mafundi wakaanza kutua vikombe vyao vya chai juu ya boneti. Makao makuu wakataka kujua kwa nini. Wakaambiwa bei, wakashusha bei. Wakaambiwa rangi, wakaleta na la bluu. Kisha wakatundika tangazo kubwa: "Kigari Chako!" Masikini, walidhani wanalibembeleza. Mteja mmoja wa miraba minne alilisoma akacheka mpaka akashika tumbo. "Kigari? Mimi na mwili huu nionekane kwenye kigari? Si wataniita kijitu!" Tangazo likang'olewa, gari likabaki.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni akamwambia bila kumzungusha, "Dada, mwezi huu lisipouzika hata moja, wanaliondoa hapa, na kiti chako kinaondoka nalo. Utahamia kule linakouzika. Chumba cha mtu mmoja watakupa."

Cha mtu mmoja! Na mama yake je, mwenye mguu uliopooza, anayeogeshwa na kuvishwa na yeye huyuhuyu, amwachie nani? Kaka yake alikuwepo, ila kaka mwenyewe ni wa simu tu. Atauliza hali, atasema Mungu yupo, atakata.

Ndipo Dada Funguo akajitungia njia yake. Mteja akiulizia lile gari, humwambia, "Njoo peke yako, kaka, upate kulijaribu kwa nafasi." Akija, humketisha kwenye usukani, husukuma kiti nyuma kabisa, humwacha azunguke mtaa mzima. Mtu akiwa peke yake mle ndani hujiona mfalme. Balaa huanza akirudi na watu wake, maana hapa gari hununuliwa na ukoo.

Karani mmoja wa mahakama alikuja peke yake, akalipenda, akarudi tena peke yake. Siku ya kutia sahihi, huyoo, kaja na mkewe na mama yake mzazi. "Nimewaleta waone," alisema, kifua mbele.

"Mama akae mbele," alisema mke.

"Aa, mkwe wangu, hapo ni pako. Mimi nyuma pananitosha. Safari yangu yenyewe ni ya hospitali tu."

Karani akakunja kiti cha mbele kumpisha. Yule bibi mzee akainama, akaingiza kichwa, akaingiza mguu mmoja. Wa pili ukagoma. Goti lilikuwa gumu, halikunjiki. Akakwama pale, nusu ndani nusu nje, gauni limepanda, akicheka kicheko cha kuficha aibu. "Ngojeni, naingia. Msihangaike na mimi."

"Jikaze kidogo tu, mama," alisema karani, akimsukuma taratibu.

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Dada Funguo. Angenyamaza tu, basi. Karani amekubali, bibi amekubali, yeye ni nani? Lakini aibu ile ya mzee anayeomba radhi kwa ajili ya mwili wake aliijua. Alikuwa akiiona kila asubuhi bafuni kwao.

"Kaka, mtoe mama," alisema. "Hili usinunue. Halitawafaa."

Wakamtoa bibi, wakamtengenezea gauni, wakashukuru, wakaenda zao. Meneja, aliyekuwa akichungulia mlangoni mwa ofisi yake, alifumba macho.

"Dada, umejichimbia kaburi."

"Najua."

"Kule si kwamba wana pesa kutuzidi. Kule mtu ananunua lake la kwendea kazini, amemaliza. Huku kwetu mtu kwanza anahesabu vichwa."

"Haya, bosi, waandikie hayo makao makuu," alisema Dada Funguo. Hata hasira hakuwa nayo. Alitaka kukaa chini tu.

Barua ya uhamisho haikukawia. Jioni ya siku ilipofika alimweleza mama yake huku akimkanda mguu kwa mafuta, akaanzia kwenye lile gari jekundu ili asianzie kwenye kuondoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wa huko wanaoyagombea," aliuliza, "mama zao wanawapakia wapi?"

"Hawapakiani, mama. Kila mtu na lake."

Mama akalifikiria hilo. "Basi nenda, mwanangu. Mwanzoni itakuuma, halafu utazoea."

Alisema kwa upole, bila kumsuta hata chembe, na laiti angemsuta. Dada Funguo aliendelea kuukanda mguu ule machozi yakimtiririka, na mama yake akageukia ukutani, akajifanya amepitiwa na usingizi.