Safari ya Kumpeleka Rosaleen

Mzee Eugene alikuwa na miaka themanini na sita, nyumba kubwa kupita mahitaji yake huko Woodbury, Minnesota, na ramani ya Ayalandi aliyoitandaza juu ya meza ya chakula tangu Krismasi. Velma, mlezi wake, alikuwa ameichoka ramani hiyo. Kila alipoleta uji ilimbidi aikunje nusu nchi ndipo apate pa kuweka bakuli. Mzee alikuwa ametia alama nyekundu penye ngome za kale na alama za buluu penye abasia, yaani nyumba walimoishi watawa miaka mia saba iliyopita, na zote hizo, ngome kwa abasia, zilikuwa magofu. Kwao Velma, Vihiga, nyumba iliyobomoka paa ni aibu ya ukoo, husemwa kwa sauti ya chini. Huku watu walipanda ndege kwenda kuzitazama!

Hata hivyo alikubali kwenda. Kule magari huendeshwa upande wa kushoto, kama Kenya, na Mzee hakuthubutu kushika usukani, ilhali Velma alijifunzia udereva Kisumu. Tena safari yenyewe haikuwa ya starehe. Rosaleen, mke wa Mzee, alizaliwa huko, akafia Minnesota mwezi wa Agosti, kabla Velma hajaanza kazi. "Tunampeleka Rosaleen nyumbani," Mzee alizoea kusema, akiigonga kwa kidole abasia ya mwisho kwenye ramani, ambamo wazazi wa mkewe walizikwa.

Velma aliitikia kwa kichwa, akaelewa alivyoelewa. Alikuwa amehudhuria matanga mengi ya Wakenya huko Brooklyn Park, akawaona watu wakihangaika hadi maiti ipande ndege kurudi kwao. Kwa hivyo aliamini Rosaleen alisafirishwa zamani, ndani ya sanduku, na kwamba wao walikuwa wanafuata kuliona kaburi. Hakuuliza, maana kwao aliyefiwa hachokonolewi habari za kaburi. Kwamba mtu anaweza kuchomwa akaenea ndani ya mkebe wa biskuti, hilo halikumpitikia kabisa. Alijua hufanyika, lakini alijua kama mtu anavyojua kuna watu wanaokula konokono.

Asubuhi ya safari, katikati ya Machi, mvua ya usiku ilikuwa imeganda kwenye ngazi za mbele, zinang'aa kama sahani. Velma alipanda akishikilia ukuta. Ndoo ya mchanga wa kumwaga juu ya barafu, mtu asiteleze, ilikuwa tupu. Ndani, kando ya masanduku ya safari, aliona mkebe wa biskuti, akafunua: kitu cha kijivu, chenye chengachenga nyeupe, kizito kama mchanga. Akamsifu Mzee moyoni kwa kukumbuka ngazi. Aliumwaga wote, akasambaza kwa kiatu mpaka ngazi ya chini, akaurudisha mkebe mahali pake.

Mzee alitoka na fimbo yake kuchukua gazeti. Alishuka, akapanda, hakuteleza hata kidogo.

"Umefanya vizuri," alimwambia. Halafu akatazama masanduku. "Yote weka garini. Mkebe huo niachie, Rosaleen nitambeba mwenyewe."

Velma alisimama palepale. Aliona aibu kuliko hofu, aibu ya kutaka ardhi immeze. Mzee alipoingia bafuni alitoka mbio na ufagio na kizoleo, akapiga magoti kwenye baridi. Vile vipande vyeupe alivyodhani ni vijiwe, sasa alijua ni nini. Vingi vilikuwa vimeshikamana na barafu. Alichokwangua hakikujaa kiganja, tena kilichanganyika na tope la viatu, hakikufaa kurudishwa. Basi alikwenda kwenye meko ya kuni sebuleni, akachota majivu ya magogo, akaujaza mkebe, akaufunga kwa utepe.

Kwenye uwanja wa ndege, akijifanya anaenda kununua maji, alimpigia binamu yake Lynette.

"Velma, skiza," Lynette alisema. "Usijimalize. Hiyo ni jivu tu. Kwani kwetu jivu ni mtu? Umeweka ingine, basi, relax. Ukimwambia sasa uta-lose job na yeye atakufia hapo kwa gate."

Velma alishikilia maneno hayo kama mgonjwa anavyoshikilia dawa. Jivu si mtu. Aliyarudia ndani ya ndege, akayarudia akiendesha kwenye vijia vyembamba vyenye kuta za mawe pande zote, mvua ikinyesha siku nne bila kuchoka. Mzee hakumpa nafasi ya kupumua. Ngome ya kwanza ilibaki kuta tatu na kunguru. Ya pili ilikuwa na ngazi ya mawe inayojizungusha, naye Mzee akamtaka apande amwelezee anachokiona juu. "Ng'ombe, Mzee," alipiga kelele kutoka huko, "na mvua." Mzee alicheka hadi akakohoa. Mkebe ulikuwa chini ya koti lake wakati wote, na Velma kila alipousikia ukigonga kifungo cha koti alitamani kulia.

Abasia ya mwisho ilikuwa katikati ya malisho ya kondoo. Haikuwa na paa wala mlango, ila ndani yake, pale watawa walipokuwa wakisali, watu wa pale bado walizika wafu wao. Makaburi mapya yalikuwa na maua ya plastiki. Walilipata la wazazi wa Rosaleen kando ya ukuta. Mzee alipiga goti kwa shida, akafungua utepe, akamwaga. Majivu yalipeperuka, mengine yakamrudia usoni.

"Amekuwa mwepesi," alisema. "Alikuwa mzito nilipompokea."

Velma aliinama, akaokota utepe kwenye nyasi.

Mzee alijipangusa macho. "Nina kaburi nililonunua Saint Paul, karibu na mama yangu. Silitaki tena. Nikifa wanichome, wewe uniletee hapa hapa. Nataka tulale pamoja. Niahidi, Velma."

Neno lilikuwa ulimini. Ndiyo moja tu, na safari ingekwisha kwa amani. Lakini Velma alitoka kwa watu waliowahi kushtakiana, ndugu kwa ndugu, na kufukua kaburi lililokwisha kuota nyasi, kwa sababu marehemu alilazwa mahali pasipo pake. Kumdanganya Mzee kuhusu majivu aliweza, na Mungu angemhukumu. Kumtenga na mama yake, kisha kumlaza peke yake kwenye ukuta wa ugenini, akidhani yuko na mkewe, hilo lilimshinda.

"Mzee," alisema, "Rosaleen hayuko hapa."

Akamweleza yote: barafu, ndoo tupu, mkebe, kizoleo, kuni. Hakujitetea. Mzee alibaki amepiga goti, akitazama unga mweupe ukilowana kwenye nyasi.

"Ngazi za mbele?" aliuliza mwishoni.

"Ndiyo."

"Nilishuka pale kuchukua gazeti."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Nilimkanyaga," alisema.

Velma alinyoosha mkono amwinue, naye akaukwepa. Aliushika ukuta, akasimama mwenyewe, akaenda garini kwenye nyasi zenye utelezi bila kumwegemea mtu. Alifungua mlango wa nyuma, si wa mbele kama siku zote, akaketi huko na mkebe mtupu mapajani, akangoja aendeshwe.