Mchagua Kalamu

Kwa miezi minne nilikuwa natafuta kalamu. Si hizi za kutupa zinazozagaa kwenye kila droo ya ofisi, bali kalamu ya wino yenye nibu ya chuma, ile unayoijaza mwenyewe kutoka kwenye kichupa. Na iwe ya kahawia. Nyeusi ni ya mawakili, buluu ni ya wanafunzi, nyekundu ni ya walimu waliokasirika. Kahawia, nilijiambia, ni rangi ya mtu mtulivu anayeandika kila siku. Mimi sijawahi kuandika chochote changu hata siku moja, na kuhusu utulivu, muulizeni mke wangu.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya shangazi. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mwanzoni mwa mwaka aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kazi ya kuandika. Njoo uniandikie maisha yangu kabla hayajanitoka kichwani." Alikuwa ameanza kusahau: leo sufuria jikoni, kesho jina la jirani. Nikamwambia nitakuja, shangazi, nikishapata kalamu ya maana. Habari kubwa namna ile haiandikwi kwa plastiki.

"Hata mimi hukunichagua kwa muda mrefu hivi," mke wangu alisema mwezi wa tatu.

"Wewe hukuhitaji kujaribiwa," nikamjibu. Hakucheka.

Nyuma ya ofisi yetu kulikuwa na duka la vifaa vya kuandikia, chumba chembamba chenye kabati la kioo. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila Ijumaa nikitoka kazini nilipita kumsumbua. Ananiwekea daftari la majaribio, nami najaribu. Hii nzito. Hii nyepesi mno. Hii si kahawia, ni kutu. Nilikuwa naziinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja kama sonara, ingawa sikujua natafuta nini.

Ijumaa ya mwisho nilishika moja yenye kahawia iliyokolea, kama mlango wa zamani. Nikaandika kidogo, nikaiweka chini.

"Nayo inakwama," nikasema.

"Haikwami, Bwana Karani. Unakwama wewe."

Akalifunua daftari kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Wateja wengine walikuwa wamechora vizingo na kujaribu saini zao. Mimi, kila Ijumaa, nilikuwa nimeandika maneno yaleyale: *Shangazi alizaliwa tarehe*. Basi. Kalamu kumi na saba, na zote zimeishia palepale.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Umemuuliza?"

Nikajifanya kutazama bahasha.

Mimi ni karani wa vikao. Kwa miaka ishirini na sita nimeandika mihtasari ya watu wanaobishana, na kila muhtasari huanza na tarehe. Kwetu, jambo lisilo na tarehe halikufanyika. Kwa utaratibu wangu, basi, nilikuwa nimelelewa na mtu ambaye bado hajazaliwa. Na katika miezi yote minne, nilipokuwa nalaumu nibu za watu, haikunijia kwamba mwenye jibu yuko hai na anaishi mitaa miwili kutoka kwangu.

"Mchagua jembe si mkulima," mama wa duka akasema, akiiviringisha ile kalamu kwenye karatasi. "Chukua hii. Na nisikuone hapa mpaka kichupa kiishe."

Kesho yake asubuhi nilimkuta shangazi sebuleni anakunja shuka. Nikafungua daftari jipya, nikajaza kalamu kwa mbwembwe zote, na wino ukanivujia mpaka kwenye kiwiko.

"Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaingoja?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Shangazi, ulizaliwa tarehe ngapi?"

Akaacha kukunja. Akatazama dirishani, kisha mikono yake, kisha akanitazama mimi, na midomo yake ikajaribu kitu ikakiacha.

"Ungeniuliza mwanzoni mwa mwaka," akasema, "ningekujibu."

Hapo sikuwa na mzaha wowote. Niliona aibu, na niliumia.

"Usininunie," akasema. "Siku uliyoletwa kwangu ninayo. Ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa na viti vitatu, nikakwambia chagua ukae. Ukavizunguka vyote. Hiki kirefu, hiki kinayumba, hiki kina msumari. Watu waliokuleta wakachoka, wakaaga, wewe bado unakagua. Mwisho ukapanda mapajani kwangu, ukalala mpaka asubuhi, na mimi sikujigeuza." Akavuta shuka jingine. "Anzia hapo."

Nikaweka nibu kwenye karatasi. Lakini karani ni karani.

"Ilikuwa tarehe ngapi, shangazi?"

"Jumanne," akasema. "Andika, mwanangu, kabla nayo haijaondoka."

Nikaandika *Jumanne*. Kalamu ilikuwa inakwaruza, vibaya kuliko zote nilizozikataa. Sikuinua mkono.