Breki za Mkwe

Siku niliyompelekea mama mkwe wangu lile gari la spoti, alilizunguka, akalipiga teke dogo tairi la mbele, kisha akaniuliza kama huko kazini huwa napima macho ya watu nikiwa nimefumba yangu.

"Maana kona ile, bwana mkubwa, hata kipofu angeisikia inakuja."

Wateja waliokuwa wanasubiri kwenye benchi la gereji wakacheka. Nikacheka nao. Mkwe hamjibu mama mkwe wake mbele za watu, na isitoshe nilikuwa nimeahidi kufunga mdomo.

Afadhali niuseme ukweli mapema. Siku tuliyopata ajali, mimi sikuwa kwenye usukani. Alikuwa mke wangu. Yeye ndiye anayeendesha kwenye uwanja wa mbio; mimi hubaki pembeni nimeshika chupa yake ya maji, au hukaa kiti cha pili nikimwomba Mungu. Breki zilipata moto mno, akakanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, tukaingia mchangani tukajigonga kwenye ukuta wa matairi. Mimi nilipata nundu, yeye akateguka kifundo cha mkono. Mama yake alipoiona bandeji aliuliza swali moja tu, nani alikuwa anaendesha, na mke wangu akanitazama. Jicho lile mnalijua ninyi mliooa. Nikasema ni mimi.

Mama huyu amewatengenezea watoto wa wenzake magari ya mbio tangu mke wangu yuko shule ya msingi, na anasifika kwa hilo. Lakini wake mwenyewe, hapana. Alishamwambia waziwazi kwamba siku akisikia ameshika usukani uwanjani, asikanyage tena nyumbani kwake. Mke wangu ni mtoto wa pekee na anampenda mama yake. Kuacha mbio hawezi, na kumkosa mama yake hawezi. Katikati hapo ndipo niliposimamishwa mimi.

"Jumamosi narudi uwanjani," aliniambia. "Breki lazima zipate hewa, na sitaki fundi mwingine aziguse. Nataka mikono ya Mama. Mdomo wake utaupokea wewe."

Basi nikaenda kuupokea.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena, na dawa yake ni kuzipelekea upepo. Unafungua matundu kwenye bampa la mbele, unauchukua upepo pale gari linapokimbia, unaupitisha kwenye bomba nene la mpira mpaka kwenye diski ya breki nyuma ya gurudumu. Mama mkwe alinisikiliza nikieleza hayo yote kana kwamba mimi ni mtoto anayemsomea tarakimu, kisha akasema ataifanya kwa sharti.

"Ukitaka kujiua, jiue. Ila mwanangu usimkalishe tena kwenye kile kiti cha abiria."

"Sitamkalisha tena hapo, Mama."

Sikusema uongo.

Akalipandisha gari kwa jeki, akavua magurudumu ya mbele, akanipa tochi nimmulikie. Akang'oa taa za ukungu, na pale zilipokuwa akafunga midomo ya kupokea upepo. Kisha akachukua mipira ya kijivu iliyoning'inia karibu na mlango, akaipenyeza, akaifunga kwa vikamba vya plastiki, ncha zake akazielekeza kwenye diski. Mikono yake ilikwenda mbio. Mdomo nao haukupumzika.

"Kulikuwa na rubani aliyeleta posa, unajua? Nikamwambia mwanangu, chukua huyu. Akakuchukua wewe."

"Najua, Mama."

"Yule angalau alijua kutua. Inua tochi. Sasa unamulika nini, viatu vyangu?"

Nikainua tochi. Nilimchukia mama huyu, na sioni haja ya kupamba maneno. Nilichukia kucheka kwake kwa upande mmoja wa mdomo, na ule "bwana mkubwa" wake ambao ulikuwa unanikata maini kila alipoutamka. Nilichukia zaidi kwamba ningeweza kumnyamazisha kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo haikuwa yangu, nikajikaza kisabuni.

Alipokaza gurudumu la pili alilishusha gari chini, akajifuta mikono.

"Imekwisha. Ingia, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Nione kama mpira unagusa tairi."

Hapo ndipo ulipoanza msiba. Viti vya gari la mbio havisogei, hufungwa kwa nati moja kwa moja kwenye sakafu. Mimi ni mrefu wa kuinama milangoni. Mke wangu ananifika kifuani. Nilijikunja kama panzi, nikaingia, magoti yakapanda pande zote mbili za usukani. Nikauzungusha kulia, ukagota kwenye goti. Nikauzungusha kushoto, goti la pili nalo likauzuia.

"Zungusha," akasema, amechuchumaa mbele ya gari.

"Nazungusha, Mama."

"Huzungushi."

Akaja mpaka mlangoni. Akayatazama magoti yangu. Akainama, akapitisha kidole kwenye nati za kiti, ambazo rangi yake ilikuwa haijapata hata mkwaruzo wa spana; kiti hakijawahi kusogezwa. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

"Toka," akasema.

Alimpigia mwanawe simu kwa maneno mawili, njoo gereji, akakaa juu ya ndoo kumsubiri. Wateja walishaondoka. Mke wangu aliingia na mkoba wake wa kazini begani, akaniona, akaliona gari.

"Ulikuwa unaendesha wewe," mama yake akasema.

Mke wangu akageuka kunitazama.

"Usimwangalie huyo. Yeye hajasema kitu, magoti yake ndiyo yamesema."

"Ni mimi, Mama."

"Na Jumamosi?"

"Ni mimi pia."

"Na nikikukataza?"

Mke wangu aliuweka mkoba chini. "Nitakwenda. Ukinifungia mlango nitalia, ila nitakwenda."

Nilisubiri moto uwake. Nilijua mama mkwe anavyotema cheche kwa jambo dogo, na hili halikuwa dogo. Badala yake alisimama, akaliinua gari tena kwa jeki, akavua magurudumu yote mawili. Akachukua mkasi, akavikata vile vikamba vya plastiki, akaivuta mipira ya kijivu na kuitupa miguuni pangu. Halafu akafungua kabati la ukutani, akatoa mabati mawili yaliyokunjwa vizuri na mipira mingine, myekundu, mizito, yenye waya ndani.

"Njoo uone," akamwambia mwanawe.

Mke wangu akachuchumaa kando yake.

"Hewa haipulizwi juu ya uso wa diski. Ukifanya hivyo upande mmoja unapoa, mwingine unaungua, na diski inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Unaiingiza hapa katikati, itawanyike yenyewe pande zote. Ndiyo kazi ya hili bati. Na mpira uwe huu. Ule wa kijivu ni wa mashine ya kufyonza vumbi, ukikaa hapa unayeyuka. Shika hapo, kaza taratibu."

Alimfundisha kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo. Mimi nilisimama nyuma yao, tochi mkononi, nikiitazama mipira iliyokuwa miguuni pangu. Ilinichukua muda. Halafu nikaelewa.

"Mama," nikasema, "si ulisema imekwisha?"

Hakugeuka.

"Yako ilikwisha. Hii ni ya mwanangu."

Spana ya mke wangu ikasimama. Hakumtazama mama yake, na mimi hakuweza kunitazama. Mama mkwe akagonga bati kwa kidole.

"Leta mwanga."

Nikainama nikamulika, kwa sababu breki zile zilikuwa za mke wangu.