Majina ya Kugusa Udongo

Mimi Zainabu sijawahi kuwa mtu wa kunyamaza, na vita havikunifundisha. Vilinifundisha kuimba kwa hila tu.

Mwaka 1999, waasi walipokuwa wameushika mji wetu wa Kindu, mashariki mwa Kongo, komanda wao Blanchard alipiga marufuku matanga. Watu wakikusanyika kulia, alisema, wataishia kupanga njama. Basi ndugu yangu Kassim alipopigwa risasi akirudi na samaki kutoka Lokandu, tulimzika upesi, watu sita, tukarudi nyumbani bila matanga. Hilo liliniuma karibu kushinda kifo chenyewe.

Lakini komanda alipenda muziki. Kila Jumamosi alasiri orkestra yetu, bendi niliyoimbia, ililazimika kumpigia uwanjani wimbo wa kusifu nchi. Nikautunga, tena kwa moyo, maana nchi ni yangu, si yake. Katikati, gitaa lilipochachamaa, nikatupa mabanga. Kila Mkongomani anajua libanga: mwimbaji hulitaja jina la tajiri ndani ya wimbo, na tajiri hufurahi. Mimi sikutaja tajiri. Nilimtaja Kassim na wafu wengine waliozikwa bila matanga: Halima wa sokoni, Donatien wa reli, mzee Bakari. Kila jina lilipotajwa, akina mama waliinama wakagusa udongo kwa kiganja, kama tunavyofanya kaburini, kisha wakaendelea kucheza.

Blanchard alidhani hao ni wakubwa wa mji, na kule kuinama ni dansi mpya. Wivu ukamshika, akaniita.

"Mama, jina yangu iko wapi ndani ya wimbo? Mimi si mukubwa?"

"Uko mukubwa, komanda. Nitakuweka pamoja na wengine."

Jumamosi iliyofuata nikamtaja. Uwanja mzima uligusa udongo, naye akagusa huku akicheka. Miezi miwili baadaye aliviziwa njia ya Kailo, akauawa. Risasi haijui muziki, na sijisifu. Lakini Kindu haikusahau.

Mwaka huu akanijia Rémy, kijana ambaye wimbo wake unalia katika kila simu ya mji huu. Alitaka kuuimba upya wimbo wangu kwenye sherehe za uhuru, tarehe thelathini Juni.

"Chukua," nikamwambia. "Lakini majina uache vile iko."

"Mama, hakuna muntu anajua ile majina. Nitatupa ya wakubwa wenye watakaa kwenye tribini. Njo muziki ya leo, ndiyo ile vijana wanapenda."

"Utajuta, mwana wangu."

Akacheka kwa heshima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kassim hakupata matanga. Wimbo ule ndio matanga yake, na sikuwa tayari kumwona akifukuzwa humo kumpisha mtu aliye hai.

Siku ilipofika nilisimama mbele kabisa, goti langu bovu likinilaani. Rémy aliimba vizuri, sikatai. Gitaa likachachamaa, akatupa jina la kwanza: Mheshimiwa Bulaimu. Nikainama, nikagusa udongo. Jirani yangu Gisèle alinitazama, akaelewa, akainama. Jina la pili, mstari mzima wa akina mama. La tatu, uwanja; hata vijana waliiga, wakidhani ni dansi.

Lakini Bulaimu ni mzaliwa wa hapa. Miaka ya vita alikuwa akiuza chumvi sokoni, na Jumamosi zile alikuwepo; alimsikia Blanchard akitajwa. Tabasamu likamkauka. Akashuka tribini, lile jukwaa la wakubwa, akamshika Rémy mkono wimbo ukiendelea.

"Toa jina yangu ndani ya wimbo. Sasa hivi."

"Papa, lakini wewe mwenyewe njo uliomba."

"Mupe mama mikro. Ule anajua majina yake."

Nikavuka uwanja bila kushikwa mkono. Nilikuwa nalia, na sikujificha. Nikamtaja Kassim, na sauti yangu ikatoka kwenye vipaza sauti vyote, mchana kweupe. Watu wakainama. Bulaimu naye akainama. Rémy peke yake alibaki amesimama, akaninong'oneza:

"Mama, Kassim njo nani?"

"Njo ndugu yangu. Gusa udongo."

Akapiga magoti, akagusa.